Tope la Sellafield

Kila jioni, katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Whitehaven, Cumbria, nampa mzee mmoja kijiko cha dawa nyeupe ya tumbo, ile maziwa ya magnesia tuliyonyweshwa utotoni Kilifi. Juzi alikitazama kijiko akasema, "Mwanangu, hili ndilo tope la bwawani kwetu." Ujana wake aliumalizia kwenye mabwawa ya fueli ya Sellafield, kituo cha nyuklia cha hapa jirani, ambako fimbo za fueli zilizotumika zilipozwa majini.

Nilidhani anatania, kumbe anasema kweli tupu. Vinu vya kwanza vya umeme wa nyuklia hapa, tangu Calder Hall iliyofunguliwa 1956, vilitumia fimbo za urani zilizovikwa ganda la aloi ya magnesiamu iitwayo Magnox. Ndani ya kinu, kwenye gesi ya kaboni dioksidi, ganda hilo hutulia. Majini huliwa: magnesiamu hugeuka kuwa haidroksidi, ndiyo hiyo dawa, na kutoa haidrojeni. Likishatoboka, maji huifikia urani. Nayo ikishika kutu huvimba, hulipasua ganda zaidi, na sesiamu yenye mionzi huvujia majini.

Miaka ya 1970 kiwanda cha kuchakata fimbo hizo kilikwama, zikarundikana bwawani. Bwawa lenyewe halina paa, na bahari ya Ireland iko pale pale. Mtu wa pwani anajua chumvi inavyomaliza mabati. Magnesiamu nayo haiponi. Kinachopunguza kutu ni kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, inayotiwa majini. Tope lililokwishatuama linanyonywa tangu 2015, na kazi bado mbichi.

Nayaandika haya kwa sababu ya Uyombo, kwetu Kilifi, ambako serikali ilipendekeza kujenga kinu cha nyuklia na watu wakaandamana 2024. Vinu vya siku hizi hutumia ganda la zikoniamu, linalostahimili maji vizuri sana, hilo nalikubali. Ila nalo hunyonya haidrojeni, na likikaa miongo mingi kwenye kasha kavu la kuhifadhia fimbo zilizotumika laweza kuwa jepesi kuvunjika. Kasha la chuma cha pua likiwekwa kando ya bahari, chumvi huweza kulitia nyufa. Sasa fimbo za Uyombo zingekaa wapi, kwa miaka mingapi, na nani angezilinda? Majibu hayo nayataka kabla ya hesabu za umeme.

Nilimwuliza mzee, wao walitarajia fimbo zikae bwawani muda gani.

"Miezi," akasema, akanirudishia kijiko.