Mwaka mmoja na baiskeli ya umeme ya gia moja

Kila anayeiona baiskeli yangu huuliza swali lilelile: vilima unapandaje? Hata mimi nilijiuliza hivyo wiki kadhaa kabla ya kuinunua. Nilisoma sifa za mota mpaka macho yakachoka, lakini uamuzi nilikuja kuufanyia kwenye ngazi.

Ninaishi ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na chini hakuna pa kufungia baiskeli ukalala kwa amani. Baiskeli ya umeme ya kwanza kuijaribu ilikuwa tamu barabarani: gia nane, springi mbele, keria nyuma, betri kubwa. Ilikuwa na kilo 25. Niliibeba ngazini mara moja tu nikajua kwamba siku nitakayorudi nimechoka nitaiacha nje, na siku hiyo ndiyo itakayoibiwa. Ya gia moja ilikuwa na kilo 16. Niliitia begani nikapanda nayo bila kupumzika.

Lakini wepesi peke yake haukunitosha, nikaipima njia yangu. Kwenda kazini ni kilomita 9, karibu zote tambarare, isipokuwa kilima kimoja cha mita 400 kinachopanda mita 24. Huo ni mwinuko wa asilimia 6. Mimi, baiskeli na mkoba tunafika kilo 98. Kupandisha uzito huo kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa kunadai kama wati 225 kwa ajili ya mwinuko tu, na nyingine kama 30 za upepo na msuguano wa tairi. Mota ni ya wati 250, na miguu yangu inaweza kutoa 100 bila mimi kuhema. Hesabu ikakubali. Kilima hichohicho kingekuwa cha asilimia 10, zingehitajika wati 400 na kitu, na ningeiacha baiskeli hiyo hapohapo.

Kuna jambo lililonichukua muda kulielewa, na natamani ningeambiwa mapema. Mota iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kama yangu, husukuma gurudumu moja kwa moja. Haipitii kwenye mnyororo, kwa hiyo hata baiskeli ikiwa na gia kumi, gia hizo husaidia miguu tu, mota haizioni. Mota inayofaidika na gia ni ile iliyofungwa katikati, penye pedali, kwa sababu nguvu yake hupita kwenye mnyororo kama ya miguu. Ndiyo maana mota ya kitovu ikilazimishwa kupanda mlima mkali polepole, umeme mwingi huishia kuwa joto badala ya mwendo, na gia za baiskeli haziwezi kuiokoa.

Mota yangu huacha kusaidia nikifika kilomita 25 kwa saa, kiwango kilekile cha sheria za Umoja wa Ulaya. Hilo lilinifanya nione gia moja kwa jicho jingine. Sihitaji gia ya kukimbilia 40. Nahitaji gia itakayonistarehesha kati ya 15 na 25, basi.

Iliponijia ilikuwa na meno 46 mbele na 16 nyuma. Kwenye tambarare ilikuwa raha: nikienda 25, miguu ilizunguka kama mara 69 kwa dakika. Kilimani mambo yalibadilika. Kwa mwendo wa 14 miguu ilishuka hadi mizunguko 39 kwa dakika, na baada ya mwezi mmoja goti la kulia likaanza kulalamika. Nilitaka kuiuza. Fundi mmoja mzee aliitazama, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kubadilisha friwili, ile gia ya meno ya nyuma. Tukafunga ya meno 18, tukaongeza kipande cha mnyororo. Sasa kilimani nazungusha karibu mara 44, na kwenye tambarare kama 78 nikiwa kwenye mwendo wa juu. Ukiiandika, tofauti ni ndogo, lakini goti lilinyamaza na halijasema neno tena.

Kinachonisumbua hadi leo si kilima, ni kuondoka kwenye taa za barabarani. Baiskeli yangu ina kihisi kinachotazama tu kama pedali zinazunguka. Mota husubiri kama nusu mzunguko kabla ya kuamka, na nusu mzunguko huo wa kwanza, kwa gia moja, ndio mzito kuliko yote. Mwenye gia hushusha gia akaondoka. Mimi nasimama juu ya pedali. Baadaye niliijaribu baiskeli yenye kihisi cha nguvu, kinachopima unavyokanyaga, nikashangaa: inaondoka na wewe papo hapo. Ningekuwa nanunua leo, ningetafuta kihisi cha namna hiyo kwanza, kisha ndiyo niulize mengine.

Betri ni ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Kwa mwendo wangu natumia kama wati-saa 10 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita 35 nazipata vizuri, na upepo wa mbele ukivuma hupungua. Kwa kawaida naitoa kwenye chaja ikifika asilimia 80 hivi, na siiachi imejaa kwa wiki nzima bila kuitumia. Mara moja ilinizimikia njiani, kosa langu, nilisahau kuichaji. Mota za kitovu zenye gia ndogo ndani yake, kama hii, huliachia gurudumu lizunguke bila kulivuta, kwa hiyo tambarare niliiendesha kama baiskeli yoyote. Kilimani nilishuka nikaisukuma. Na kilo 25 zingenichosha zaidi hapo.

Matengenezo ndiyo yaliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ile baiskeli yangu ya zamani ya gia ilikuwa ikinirudisha kwa fundi kila mara: kebo imelegea, mkono wa kubadilishia umepinda, mnyororo unaruka. Hii haina hivyo vyote. Natia mafuta, na kila baada ya wiki kadhaa naangalia mnyororo usilegee. Katikati yake ucheze kama sentimita moja juu na chini. Ukilegea nafungua nati mbili, navuta gurudumu nyuma, nakaza.

Pancha ya nyuma, hata hivyo, ni kazi. Kuna spana ya 18 ya kubeba, kuna plagi ya waya wa mota ya kuchomoa, kuna washa za kuzuia ekseli isijizungushe ambazo lazima zirudi upande zilikotoka. Mara ya kwanza nilitumia zaidi ya saa nzima kando ya barabara. Tangu hapo nimejifunza kutolitoa gurudumu. Nalaza baiskeli, natafuta msumari au kigae, navuta tyubu pale tu palipotobolewa, nabandika kiraka, narudisha. Dakika kumi na tano zinatosha, na waya sijaugusa.

Dada yangu alinisikia nikiisifu akataka kununua kama hii. Yeye humpeleka mtoto shule akiwa amemkalisha nyuma, na njia yao ina mlima wa zaidi ya kilomita moja. Sikubishana naye, nilimpa yangu aijaribu. Akanirudishia siku ya pili jioni. “Kaka, kwako nimeelewa,” akasema, “ila kwetu na huyu nyuma, nilifika juu natembea.” Akanunua ya gia nane yenye mota kwenye pedali, na yeye ana chumba chini cha kuifungia.