Fomu Namba 0613

Maji yalituingilia ndani usiku, mwezi wa tano mwaka 2020. Kilichoniamsha ni sufuria: zilikuwa zimeanza kuelea na kugongana chini ya meza. Kulwa na Doto walikuwa na miaka sita. Niliwabeba mmoja mmoja nikawaweka juu ya meza ya cherehani, nikasimama nao pale hadi kukakucha, miguu yangu ikiwa ndani ya ziwa. Nasema ziwa kwa sababu halikuwa dimbwi la mvua. Mwaka ule Ziwa Victoria lilijaa hadi likavuka kidogo kiwango cha mwaka 1964, ule ambao wazee wetu wa Igogo, hapa Mwanza, walikuwa wakiutaja kila wanapotaka kusema maji yamewahi kuwa mengi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili, shilingi 60,000 kwa mwezi. Kodi ni ya miezi sita, unaitoa mkononi kabla hujapewa ufunguo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sisi wapangaji tulikuwa tunaijua. Lakini vyumba vya uwezo wetu viko huko huko chini majini, au juu kabisa kwenye mawe, ambako mtungi wa maji unapanda kwa kichwa na jeneza linashuka kwa mikono.

Kwa hiyo liliposikika tangazo la viwanja vya bei nafuu upande wa Kishiri, mbele ya Igoma, sikulala. Viwanja 80, mita za mraba 400 kila kimoja, jumla shilingi 2,400,000. Kwa kuwa waombaji ni wengi, watapigiwa kura. Fomu shilingi 20,000, hairudishwi. Yangu iligongwa muhuri wa namba 0613.

Kura haikunitisha. Kura ni kura. Kilichonitoa jasho ni karatasi za kukufikisha kwenye kura. Kitambulisho cha taifa nilikuwa sina, nilikuwa na namba tu, na dirishani wakataka kadi yenyewe. Nikarudi siku ya tatu, nikamkuta mtu mwingine, akaipokea namba. Barua ya mtendaji wa mtaa ilitaka kwanza barua ya mjumbe, na mjumbe alitaka stakabadhi za ulinzi shirikishi za miezi yote. Nilizilipa. Kisha ikatakiwa saini ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba mimi ni mpangaji wake.

“Shikamoo baba,” nikamwambia, nikamwekea fomu mezani.

“Marahaba, Mama Kulwa. Mimi na wewe hatuna ubaya. Lakini jina langu likishakaa kwenye karatasi ya ofisi, kesho watu wa mapato watakuja kuniuliza kodi napokea shilingi ngapi.”

Nilimfuata mara nne. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu reli, alisikitika sana aliponiona natoka pale mikono mitupu. Akaniambia, “Mayu, zamani mngekuwa na pa kulilia.” Alikuwa anazungumzia Mabaraza ya Nyumba, yaliyoamua migogoro ya wapangaji na wenye nyumba, enzi za sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na mimi nilipoanza kupanga mjini hapa sikuikuta. Mara ya nne nilikwenda na yule mzee, na mwenye nyumba akasaini kwa kumheshimu yeye.

Halafu kikaja kipato. Mimi ni fundi cherehani, wakati huo nilikuwa barazani pale Makoroboi. Hati ya mshahara sina. Nilipeleka daftari la kikoba chetu, lenye hisa zangu za wiki kwa wiki kwa miaka mitatu, kila ukurasa una saini ya mweka hazina. Yule binti wa dirishani alilifungua kwa kidole kimoja akalifunga. “Dada, hili ni daftari tu.” Akataka taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita. Nikaileta, kurasa 14. Akaangalia salio la mwisho wa mwezi: shilingi 11,200. Akauliza, “Sasa kwa hela hii kiwanja utalipaje?”

Swali lile limenikaa mpaka leo. Tangazo lilisema viwanja ni vya watu wa kipato cha chini, na mimi nimetimiza sharti hilo kila siku ya maisha yangu. Ningekuwa na salio la kumridhisha yule binti, nisingekuwa kwenye foleni yake. Nilimweleza kwamba hela ya fundi haikai kwenye simu, inageuka kitambaa, uzi na unga. Akanitazama, akaigonga muhuri. Sijui nini kilimgusa. Namshukuru.

Kura ilipigwa Jumamosi moja katikati ya Agosti, ukumbini. Mlangoni kulikuwa na ndoo za koki za kunawia mikono, kama ilivyokuwa kila mlango mwaka ule. Jukwaani palikuwa na ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, imejaa vikaratasi vilivyokunjwa, na binti wa shule mwenye sare ndiye aliyekuwa akitoa. Nilijua sare ile kwa kuitazama tu: pindo la sketi lilikuwa limeshushwa mara mbili, mstari wa mshono wa zamani bado unaonekana. Mama yake anamkuzia nguo. Nilimwombea mkono wake uwe mwema.

Namba yangu ilikuwa ya 57 kutajwa. Sikupiga kigelegele, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu ndiye aliyenipigia, na yeye alikuwa bado hajaitwa. Hakuitwa hadi mwisho.

Jumapili tulikwenda Kishiri, mimi na watoto, daladala mbili kisha bodaboda. Kijana wa vipimo alituonyesha bikoni zetu nne. Nilitoa tepu yangu ya kupimia nguo, ina sentimita 150. Kulwa alishika ncha, Doto akaweka kijiti kila ilipoishia. Upande mmoja ilikwenda mara 13 na kipande: mita 20 kamili. Tukapima pande zote. Doto alikaa chini katikati ya nyasi akasema hapa ndipo kitanda chake, na maji hayafiki. Niliangalia kule bondeni, ziwa halionekani kabisa kutoka pale. Kwa mtu aliyezaliwa Mwanza, kufurahia kutoliona ziwa ni jambo kubwa.

Siku 30 za kulipa, zote kwa mkupuo, kwa kontroo namba moja. Akiba yangu ilikuwa 640,000. Kikoba kilinikopesha 300,000. Kaka yangu wa Misungwi aliswaga dume lake mnadani, akaniletea 720,000 zikiwa bado zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mteja wa sare za shule alinilipa 200,000 kabla ya kazi. Jumla 1,860,000. Zilipungua 540,000, na hisa zangu za kikoba, ambazo zingetosha na kubaki, zilikuwa zinagawanywa Desemba.

Siku ya 29 nilikwenda ofisini na hela yote kwenye pochi, nimeibana kwapani. Nilimwomba mkubwa wa pale apokee niliyonayo na anivumilie hadi Desemba. Nilimwonyesha daftari la kikoba, tarehe ya mgao imeandikwa kwa wino mwekundu. Alinisikiliza vizuri, hakunifokea. Akageuza skrini ya kompyuta nione mwenyewe. “Mama, mfumo hauruhusu kupokea pungufu.” Nikamuuliza nani ameuambia mfumo hivyo. Akainama. Keshokutwa yake kontroo namba ilikuwa imekwisha muda, na jina langu likatolewa, akaitwa mtu wa orodha ya akiba.

Huwa naufikiria ule mfumo wake. Kiwanja kilikuwepo, mtu alikuwepo, hela robo tatu na zaidi ilikuwepo mezani, na miezi mitatu mbele iliyobaki ingekuwepo. Kwa nini kumpigia kura mtu wa kipato cha chini, kisha umdai kama mwenye kipato cha juu?

Kaka yangu nilimrudishia yake, akanunua ndama wawili. Kikoba nikakirudishia chao. Sare nilizishona. Oktoba mwenye nyumba alikuja kwa ajili ya miezi sita, nikamhesabia 360,000 palepale mlangoni, kutoka kwenye ile pochi. Maji yalikuwa yameshuka wakati huo. Ukutani yalikuwa yameacha mstari wa kahawia. Niliupima kwa tepu, sentimita 38 kutoka sakafuni. Nilinunua matofali 12 ya kuchoma, na jioni ile tuliinua kitanda cha watoto, matofali matatu kila mguu, Kulwa akishika upande mmoja na Doto upande wa pili.