Nimemsomesha binti nyumbani mwaka mzima, kumbe anayekaguliwa ni mimi

Jamani mi nilikuwa nawacheka sana hawa Wamarekani wanaosomesha watoto nyumbani, mpaka mwaka jana nikamtoa binti yangu shule ya serikali mwenyewe. Ripoti zilikuwa zinakuja nzuri kila mara, halafu siku moja nimekaa naye mezani nagundua hesabu za sehemu hajui kabisa, robo na theluthi ipi kubwa anabahatisha tu. Na mwalimu wake si mbaya, ana watoto 27, mkuu wa shule akija kukagua anamwangalia mwalimu anavyofundisha, yule aliyekaa kimya kule nyuma hakuna anayemuuliza kaelewa nini.

Sasa huku Pennsylvania huamki tu ukamweka mtoto ndani. Unapeleka hati ya kiapo wilaya ya shule, unafundisha siku 180 au masaa 900 kwa wa msingi, unatunza faili la kazi zake, na wakiwa darasa la 3, la 5 na la 8 wanafanya mtihani ambao mzazi haruhusiwi kuusimamia. Mwisho wa mwaka anakuja mtu mwenye sifa, mfano mwalimu mwenye cheti, anapitia faili na kuongea na mtoto. (Usidhani ni hivi kote, Texas hakuna faili wala mtihani wa kupeleka kwa mtu, na Ujerumani ndo wamekataza, mtoto lazima aende shule.)

Wangu alikuwa la 4, mtihani hakuna, kwa hiyo jicho pekee la nje lilikuwa la huyo mkaguzi. Akaja mama mmoja mtu mzima, mpole, hesabu akamuuliza mtoto akajibu vizuri mpaka nikavimba kichwa. Akafungua upande wa sayansi. Karatasi tatu! Moja mchoro wa kipepeo. Binti akaniangalia, mi nikaangalia dirisha. Ukweli sayansi siipendi toka niko mdogo, kwa hiyo kila wiki naisogeza mbele nikijiambia kesho, na nyumbani hakuna kengele ya kukwambia kipindi kimeisha toka, mwingine aingie. Shuleni angalau ratiba ingemlazimisha mtu.

Alisaini, ila kanisema vizuri tu. Kinachonisumbua ni kwamba mkaguzi unamtafuta na kumlipa mwenyewe, na toka sheria ibadilike 2014 wilaya haioni faili tena, inapokea barua yake tu, yaani ningemchukua shoga yangu yeyote mwenye cheti cha ualimu, hicho kipepeo kingepita na hakuna mtu angejua.

Hati ya mwaka huu mwisho ni tarehe 1 Agosti na baba yake anataka mtoto arudi shule. Nikamuuliza mwenyewe, akasema atabaki nyumbani, ila sayansi nisimfundishe mimi.