Soto na Mets: dola milioni 765 zina haki yake

Tangu nihamie Queens, New York, nimekuwa mtu wa Mets, timu ya besiboli ya huku, na ndugu zangu wa Dar kila wakikutana na ile namba wananiuliza kitu kilekile: dola milioni 765 kwa mchezaji mmoja, kweli? Kweli, na naona ni usajili mzuri.

Juan Soto alisaini Desemba 2024, miaka 15, mkataba mkubwa kuliko wowote katika historia ya besiboli. Alitoka Yankees, timu ya Bronx, upande mwingine wa New York hiihii, wakiwa ndio kwanza wametoka kucheza fainali. Mtu wa Kariakoo hahitaji kuelezwa uchungu wake: ni kama Yanga kunyang'anywa nyota na Simba. Yankees walimwekea mezani milioni 760 kwa miaka 16, akakataa. Soto ni mtoto wa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, na Wadominika ninaofanya nao kazi walibishana mpaka wengine wakanuniana.

Wengi wanaangalia hom rani zake, yaani mipira anayoipiga mpaka nje ya uwanja. Mimi naangalia macho. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo halali na mpigaji asishawishike kuipiga, mpigaji anapewa bure beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia. Hapo ndipo Soto alipo fundi. Nenda Citi Field, uwanja wa Mets, umtazame: mpira unapita nje kidogo tu, hata hautikisi mkono wake, kisha anachuchumaa, anaburuza miguu kwenye udongo na kumkazia macho mrushaji. Mwaka 2025 alipata beisi za namna hiyo 127. Ongeza hom rani 43. Tena akaiba beisi 38, yaani kuchomoka kwenda beisi inayofuata bila mpira kupigwa, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuvuka 12 kwa msimu! Hiyo ni kazi ya mazoezi, maana kasi ya kuzaliwa hana.

Kwenye ulinzi ni habari nyingine. Mwaka 2025, akilinda upande wa kulia wa uwanja, alikuwa anachelewa kuondoka, na mipira ambayo wenzake wangeidaka ilimdondokea mbele. Sioni kama hilo litarekebishika sana umri ukisogea.

Ila siwezi kukubaliana na wanaomtwisha Soto mzigo wa Mets kuharibikiwa msimu ule wa 2025. Tarehe 12 Juni Mets walikuwa wameshinda 45 na kupoteza 24, hakuna timu iliyokuwa juu yao. Siku hiyohiyo Kodai Senga, mrushaji wao tegemeo, akaumia paja. Baada ya hapo safu ya warushaji ikaporomoka, mpaka Septemba wakawa wanaanzisha vijana ambao ndio kwanza wamepandishwa. Wakamaliza 83 kwa 79, wakakosa mtoano siku ya mwisho kule Miami. Mpigaji hata awe nani, hawezi kumrushia mpinzani mpira.

Ninachokihofia ni miaka ya mwisho. Mkataba ukiisha 2039 atakuwa anakaribia miaka 41, kwa hiyo faida yote iko mwanzoni. Tena ana ruhusa ya kuondoka baada ya msimu wa 2029, isipokuwa Mets wamwongezee milioni 4 kwa kila mwaka katika 10 itakayobaki, jumla ifike milioni 805. Kwa sasa tajiri wao, Steve Cohen, apeleke pesa kwa warushaji, tena haraka, wakati Soto bado ana miaka ishirini na kitu.