Siku moja mezani kwa fundi: prosesa mpya, joto jipya

Saa 2:15 asubuhi

Mashine ya kwanza leo ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012. Karatasi iliyobandikwa juu yake inasema: "Imebadilishwa prosesa, sasa inachemka na kuzima." Ilikuwa na prosesa ya Intel i5-3320M ya viini viwili (sehemu zinazofanya hesabu), wati 35. Sasa ndani kuna i7-3720QM, viini vinne, wati 45. Soketi ni ile ile, BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine) imeitambua, Windows inawaka vizuri. Ila feni inalia mfululizo.

Sifungui kwanza. Mafundi wengi wakisikia "inachemka" wanakimbilia pesti, ile krimu ya kupitisha joto, na hapo ushahidi unafutwa. Joto lina njia yake: linatoka kwenye chipu, linavuka pesti, linaingia kwenye bamba la shaba la hitisinki (kifaa cha kuondoa joto), linapita kwenye bomba hadi kwenye mapezi, kisha feni inalisukuma nje. Kazi ya asubuhi ni kujua limekwama wapi, na jibu hupatikana kifuniko kikiwa bado kimefungwa.

Saa 2:40

Nafungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, na kuangalia vitu vitatu tu: joto la viini, wati za prosesa na mwendo wa GHz. Chumba kina nyuzi 30, naandika, maana kipimo cha joto bila joto la chumba hakina maana hapa Dar. Mashine ikiwa haina kazi inasoma nyuzi 47. Kwa macho ya haraka ni nzima.

Nawasha Prime95, programu inayoifanyisha prosesa kazi nzito kuliko kawaida. Sekunde chache tu, nyuzi 105. Huo ndio ukomo ambao Intel imeuweka kwa chipu hii. Ikiufikia inajipunguzia mwendo yenyewe. GHz zinaporomoka na wati zinashuka hadi kama 30, wakati chipu ina ruhusa ya kula 45 muda wote, na karibu 56 kwa nusu dakika ya kwanza ya turbo, yaani inapojiongezea mwendo kupita ule wa kawaida. Naweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: vuguvugu tu.

Hapo jibu limeshapatikana. Joto likiruka juu ndani ya sekunde na hewa inayotoka si ya moto, basi halifiki kwenye mapezi. Kuna kizuizi kati ya chipu na shaba. Kama lingepanda polepole kwa dakika kadhaa huku hewa ikiunguza kiganja, ningelaumu hitisinki kwa kuzidiwa. Na kama hewa haitoki kabisa, ni vumbi au feni yenyewe. Feni ikifa kabisa, ThinkPad hukataa kuwaka na kuandika "Fan error".

Saa 3:30

Natoa betri, nachomoa chaja, nabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Skurubu za kibodi zina alama ya kibodi chini ya mashine. Kibodi inasukumwa kidogo kuelekea skrini, inanyanyuliwa kwa mbele, kisha waya wake mpana unachomolewa taratibu. Inafuata sehemu ya kuwekea viganja, halafu fremu. Skurubu nazipanga juu ya karatasi niliyochora umbo la mashine, kwa sababu urefu wake hautofautiani sana kwa macho, na ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa mazabodi.

Prosesa yenyewe siitoi. Mashine inawaka na RAM zote mbili zinaonekana. Pini ikipinda kwenye chipu hizi mara nyingi kinachopotea ni nafasi moja ya RAM, kwa kuwa kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa. Ukilazimika kuitoa, bisibisi bapa, nusu mzunguko kwenye skurubu ya kufunga soketi, chipu inyanyuliwe wima. Wakati wa kurudisha, pembetatu ndogo ya kwenye kona ikutane na alama ya soketi, na chipu idondoke mahali pake kwa uzito wake. Isipodondoka, usiibonyeze; tafuta pini iliyopinda.

Saa 4:10

Hitisinki imetoka, na kosa liko wazi. Aliyebadilisha prosesa hakuweka pesti. Ameweka kipedi cha silikoni, cha buluu, unene wa milimita 1, cha aina ile inayowekwa juu ya chipu za kumbukumbu za kadi za michoro.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanabishana. Chipu hii ya viini vinne ina eneo la milimita za mraba 160. Kipedi kizuri hupitisha joto kwa kiwango cha wati 5 kwa mita kwa kila nyuzi. Milimita 1 ya kipedi hicho juu ya eneo hilo ni ukinzani wa nyuzi 1.25 kwa kila wati. Zidisha kwa wati 45: nyuzi 56 zinapotea kwenye kipedi peke yake, kabla shaba haijaguswa. Pesti iliyobanwa hadi milimita 0.05, yenye kiwango cha 8.5 kama kilichotangazwa kwa pesti ya Arctic MX-4, inapoteza chini ya nyuzi 2.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mashine ilionekana nzima ikiwa imetulia. Wati 6 zikipita kwenye kipedi kile zinaongeza nyuzi 7 au 8 tu. Kwa hiyo fundi anayebadilisha prosesa, akaangalia joto la mashine isiyo na kazi na kumkabidhi mteja, hajapima kitu.

Saa 4:30

Kipedi kinaacha mafuta ya silikoni, hivyo nasafisha chipu na shaba kwa alkoholi ya isopropili ya 99%, kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, hadi kitambaa kitoke kisafi. Spiriti ya kawaida ya vidonda ina maji mengi mno.

Kati ya feni na mapezi kuna tabaka la vumbi lililogandamana. Ukipuliza kutoka nje hulioni. Linabaki palepale upande wa ndani. Natenganisha feni, naling'oa vumbi kwa kibano, namalizia kwa brashi na upepo. Pangaboi lishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, lisizunguke kupita kiasi na kuharibu beringi.

Pesti: kiasi cha punje ya mchele, kisha naitandaza kwa kipande cha plastiki mpaka uso wote wa chipu ufunikwe. Kwenye prosesa za kompyuta za mezani watu huweka tone katikati na kuacha mbano ulitandaze. Hapa chipu iko wazi, haina kofia ya chuma, na kona isiyofunikwa inaweza kuwa ndiyo kona yenye kiini kinachofanya kazi. Dawa ya meno, ambayo wengine huipaka badala ya pesti, ibaki bafuni.

Skurubu za hitisinki nazikaza kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja. Ukiikaza moja hadi mwisho kwanza, bamba linainama na pesti inakimbilia upande mmoja. Utaona kiini kimoja kina nyuzi 10 zaidi ya wenzake.

Saa 6:20 mchana

Kijana anaingia na mashine nyembamba ya mwaka 2017. "Fundi, na yangu niwekee i7." "Hii prosesa imechomelewa kwenye mazabodi, kaka. Haitoki." Kwa laptop za kawaida za Intel, kizazi cha nne cha mwaka 2013 ndicho cha mwisho kuwa na soketi. Anaondoka na bei ya SSD na RAM, ambayo kwa matumizi yake itamfaa zaidi.

Saa 8:00

Jaribio la pili kwenye T430, dakika 20 kamili. Sekunde 28 za mwanzo ni za turbo ya juu kabisa, haziaminiki; ninachotafuta ni pale joto linapoacha kupanda. Wati 45 zinakaa imara. Joto linapanda taratibu: 78, 85, 90, linasimama 94. Hewa inayotoka sasa inaunguza kiganja.

Sasa njia yote iko wazi, na tatizo lililobaki ni la aina nyingine. Hitisinki hii ya T430 isiyo na kadi ya michoro ilitengenezwa kwa wati 35. Kuongeza pesti au kuibadilisha kwa ya bei mbaya hakutapunguza zaidi ya nyuzi mbili tatu. Kupunguza volti, dawa inayopendwa siku hizi, hakuwezekani kwa prosesa za kizazi hiki cha tatu. ThrottleStop, programu inayotumika kwa kazi hiyo, inaruhusu hilo kuanzia kizazi cha nne.

Nazima turbo: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kinawekwa 99% badala ya 100%. Chipu inabaki GHz 2.6. Jaribio lile lile, nyuzi 76, na feni inashusha sauti.

Saa 11:00 jioni

Mwenye mashine amefika. Anahariri video za harusi. Namwonyesha kipedi, kisha namwekea mezani njia tatu. Akizima turbo atakuwa na viini vinne vya GHz 2.6 bila gharama. Akiirudisha turbo, 94 iko chini ya ukomo, ila kwa video ya saa tatu katika chumba kisicho na AC sipendi. Ya tatu ni i7-3632QM: viini vinne pia, GHz 2.2 hadi 3.2, lakini wati 35 ambazo hitisinki inazimudu. Hiyo ndiyo ingepaswa kununuliwa tangu mwanzo. Wapo pia wanaofunga hitisinki ya T430 yenye kadi ya NVIDIA, iliyo na bomba la ziada.

"Nikiagiza hiyo ya wati 35, niangalie nini, fundi?"

"Picha ya upande wa chini, dada. Namba hiyo hiyo inauzwa kwa aina mbili. Ukiona pini, lete. Ukiona vidoto vya mviringo vya lehemu, ni ya kuchomelewa, usilipe."

Anachagua kuzima turbo kwa sasa. Chaja aliyokuja nayo ni ya wati 65, yaani volti 20 na ampea 3.25. Siku akirudisha turbo, prosesa ikila 56, bado skrini, diski na betri inayochajiwa. Namtafutia ya wati 90, volti 20 na ampea 4.5, kichwa kile kile cha duara, najaribu Prime95 mara ya mwisho huku betri ikiwa 30%, mwendo haushuki, naandika risiti.