Mwenye nyumba wa Pune alinipa hundi hewa, na kila mtu akaniambia niende polisi

Tanzania mtu akikudhulumu, ushauri wa kwanza ni "kachukue RB", yaani kaandikishe taarifa polisi. Pune, India, nako nilishauriwa hivyohivyo, kwa Kihindi: kafungue FIR (taarifa ya kosa inayoandikishwa polisi), mtu huyo ni "420". Namba hiyo ilikuwa kifungu cha utapeli katika Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, na mtaani bado ndilo jina la tapeli, ingawa tangu 1 Julai 2024 sheria hiyo imefutwa, ikaja sheria mpya ya makosa ya jinai, Bharatiya Nyaya Sanhita, na utapeli wenyewe ukahamia kifungu cha 318(4). Namba imebadilika, ushauri mbovu umebaki palepale.

Kituoni niliambiwa hili ni suala la madai. Niliudhika, ila askari hakukosea. Utapeli unataka uthibitishe kwamba mtu alikusudia kukudanganya tangu mwanzo. Mwenye nyumba aliyepokea amana yako ya rupia 60,000, akakaa nayo miaka miwili, kisha akashindwa kuirudisha, ni mdaiwa tu. Mdaiwa unamfungulia kesi ya madai. Una miaka mitatu ya kufungua, unalipa ada ya mahakama kulingana na kiasi unachodai, na ushahidi wako unatosha ukiwa mzito kuliko wake. Kwenye jinai mzani ni mwingine: shaka yoyote ya maana inamwachia mshtakiwa.

Katikati ya hizo mbili kuna kifungu cha 138 cha Sheria ya Hati za Fedha ya 1881, nacho hakuna rafiki aliyenitajia hata mmoja. Ukimpa mtu hundi ya kulipa deni halali na ikarudi kwa kukosa fedha, ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka miwili, au faini hadi mara mbili ya hundi, au vyote. Lakini hakuna FIR. Mlalamikaji anapeleka malalamiko ya maandishi kwa hakimu mwenyewe. Utamu uko kifungu cha 139: mahakama inachukulia kwamba hundi ilitolewa kulipa deni, na kazi ya kukanusha ni ya aliyeiandika. (Neno hundi lenyewe tumelitoa kwa Wahindi, ingawa ukiwatajia benki wanafikiria hati za wafanyabiashara wa zamani. Sema cheki.)

Sasa ujinga wangu. Hundi ya kunirudishia amana iliandikwa tarehe 3 Aprili 2025, ikarudi tarehe 8 na kikaratasi cha benki: salio halitoshi. Sheria inakupa siku 30 tangu upate taarifa hiyo uwe umempelekea notisi ya maandishi. Nikajiona mwanasheria. Nikaandika mwenyewe: unilipe rupia 85,000. Humo nilichanganya amana, rangi ya ukuta niliyokatwa kwa uonevu, nauli na usumbufu. Fedha ya hundi sikuitaja peke yake popote. Wakili alipoisoma alicheka mpaka akavua miwani. Notisi lazima idai kiasi cha hundi chenyewe, kionekane. Ukitaka riba au gharama, ziandike mstari wake, mbali. Ya kwangu ilikuwa karatasi tu, na siku 30 zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo niliposikia jambo lililonilipia ada yake yote, elfu mbili na kitu. Hundi ya India inaishi miezi mitatu tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, na ndani ya muda huo unaweza kuipeleka benki tena. Ikirudi tena, saa inaanza upya. Mahakama ya Juu ya India ilikubali hivyo mwaka 2012, baada ya miaka mingi ya kushikilia kwamba ukikosa nafasi ya kwanza basi. Nikaipeleka tarehe 20 Juni, ikarudi tarehe 23, notisi safi ikaondoka tarehe 25 kwa posta yenye namba ya kufuatilia. Hakikisha anwani ni sahihi. Ikiwa sahihi, hata akikataa kuipokea inahesabiwa amepata.

Mwenye nyumba aliipokea tarehe 28. Kuanzia kesho yake ana siku 15 za kulipa, yaani hadi 13 Julai. Usikimbilie mahakamani siku ya 14 kwa hasira: malalamiko yaliyofunguliwa kabla siku 15 hazijaisha yanatupwa. Zikiisha, una mwezi mmoja wa kufungua. Naye alikuwa amehamia Nagpur, mji mwingine wa mbali, akidhani nitamfuata huko. Tangu marekebisho ya 2015, hundi uliyoiweka kwenye akaunti yako inasikilizwa na mahakama ya eneo la tawi lako. Angepanda basi yeye. Tena tangu 2018 hakimu anaweza kumwamuru akulipe hadi asilimia 20 ya hundi wakati kesi inaendelea.

Hayo yote wakili aliyaandika kwenye notisi, bila tusi hata moja. Siku ya 13 kati ya hizo 15 simu ililia: "Bhai (ndugu), kwa nini tufike huko?" Kosa hili linaruhusiwa kumalizwa kwa makubaliano, kwa hiyo hata kesi ingekuwa imefunguliwa tungeweza kuelewana. Alitaka kwanza nimrudishie hundi, kisha alipe. Nikamwambia hundi na kile kikaratasi cha benki ndiyo kesi yenyewe, havitoki mkononi. Rupia 60,000 ziliingia jioni hiyohiyo. Hundi nilimtumia wiki iliyofuata, nakala ninayo.