Kibarua cha samaki pale El Palo

Kiangazi cha 2023 nilikuwa Málaga, kusini mwa Hispania, nasoma masta, na masomo yenyewe ni Kiingereza, wenzangu niliopanga nao nyumba mmoja Mjerumani mwingine Mholanzi kwa hiyo nyumbani nako Kiingereza, yaani mwezi wa tano umefika Kihispania changu bado ni cha kununulia mkate tu. Nikasema likizo hii Tanga siendi na ndani sikai, natafuta kibarua, tena pahali ambapo hakuna wa kunihurumia kwa Kiingereza.

Hilo la mwisho nilikomaa nalo kweli. Katikati ya mji, kule karibu na makumbusho ya Picasso, vibarua vipo lakini meza zimejaa watalii, unaweza kumaliza msimu mzima hujavuka hola na gracias. Nikawa napanda basi namba 11 mpaka El Palo, mtaa wa zamani wa wavuvi mashariki mwa mji, migahawa ya samaki imejipanga ufukweni, wenyewe wanaiita chiringuito. CV yangu ukurasa mmoja, kwa Kihispania, naingia mgahawa mmoja mmoja saa tano asubuhi au jioni kuanzia saa kumi na mbili, maana ukienda saa nane mchana watu ndo wanakula, hakuna hata wa kukutazama usoni.

Kuna mmoja alitaka nianze siku hiyohiyo, keshi mkononi, bila mkataba. Nikakataa. Tangu 2022 sheria inamruhusu mwanafunzi wa chuo wa kigeni kufanya kazi mpaka masaa 30 kwa wiki, NIE, ile namba ya utambulisho ya mgeni, ninayo, namba ya Seguridad Social, hifadhi ya jamii yao, ninayo, sasa nijifiche kwa nini? Na wewe unayesoma hii ukiwa huko, usikubali, ukiungua na mafuta jikoni bila mkataba utamwambia nani?

Mwishowe mama mmoja mtu mzima akasoma CV, akaniuliza naweza kuanza lini, nikamwambia kesho. Karatasi zikaandikwa kabla sijashika hata sahani.

Kazi ya kwanza alinipeleka kwa mzee wa moto. Pale samaki wanachomwa ndani ya mtumbwi wa zamani uliojazwa mchanga, moto wa kuni za mzeituni, na dagaa wakubwa wale, sardina, hawatolewi utumbo wala magamba, chumvi ya mawe tu. Mzee anashika kijiti cha mwanzi, anachoma samaki chini ya uti wa mgongo, akikosea kidogo samaki anageuka na kudondokea motoni, alafu anakisimika kijiti mchangani ule upande ambao moshi hauendi. Hiyo ndo espeto. Mimi nimekulia kwenye samaki lakini ule mkono wake niliuheshimu sana. Wote walimwita maestro, yaani fundi, na mimi nikamwita hivyo, na alikuwa anaongea kutwa nzima, bei ya samaki, terral, ule upepo wa joto wa kutoka bara, wajukuu, haongei taratibu kwa ajili yangu, na herufi d anaimeza, pescado, yaani samaki, inakuwa pescao. Wiki za kwanza nilirudi nyumbani kichwa kinagonga. Alafu siku moja nikashtuka nacheka stori yake pamoja na wengine, kwa wakati uleule.

Kahawa nayo ilikuwa darasa. Málaga kahawa ina majina kwa kiasi cha maziwa, largo, mitad, sombra, nube, na mteja wa El Palo hakuelezi, anataja jina na kugeukia wenzake.

Tarehe 16 Julai ni sikukuu ya Virgen del Carmen, Bikira Maria mlinzi wa wavuvi, wavuvi wanaibeba sanamu yake mabegani mpaka baharini na kuipandisha kwenye boti, na ufuo wote unajaa. Mama akanitoa kwa maestro akaniambia "hija", yaani binti yangu kwa Kihispania, chukua meza za nje. Meza ya kwanza ukoo mzima, bibi anataka boquerones, visamaki vidogo, za limau, mjukuu hali samaki, baba anataka espeto mbili ila ya pili isichomwe mpaka wamalize ya kwanza, na wote wanaongea kwa pamoja. Nikairudia oda yote kwa sauti, bibi akatikisa kichwa kukubali, nikakimbia dirishani nikapaza sauti, na jikoni wakajibu ¡oído!, yaani tumesikia, bila mtu kuniuliza mara mbili. Wee, furaha niliyoisikia pale mshahara haukuwahi kunipa.

Baada ya hapo mama akanikabidhi simu ya kupokea wanaotaka meza, na simu ni ngumu kuliko uso kwa uso maana mdomo huuoni, nikakaa nayo mpaka mkataba ulipoisha Septemba. Novemba nikafanya mtihani wa Kihispania wa DELE, kiwango cha B2, na sehemu ya kusikiliza ndo niliyoifanya kwa raha kuliko zote.